Programu ipi ya ramani kwa RV kubwa? Ulinganisho kwa anayesafiri Marekani

Daraja lilikuwa la reli, la mawe, na kibao chake cha njano kiliandikwa futi 10 na inchi 6. RV tuliyokodi, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, ilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 3. Watoto wanne walikuwa wamelala nyuma, na sauti ya simu iliendelea kutuambia tunyooke moja kwa moja. Programu ilikuwa imetutoa barabara kuu kukwepa foleni, ikatuingiza kwenye mitaa ya mji mdogo wa Pennsylvania ili tuokoe dakika 9. Shemeji yangu, ambaye ujana wake aliwahi kuwa utingo wa malori ya Dar es Salaam na Tunduma, alishuka, akasimamisha magari yaliyokuwa nyuma yetu, akanirudisha rivasi taratibu hadi kwenye maegesho ya kanisa. Tulitumia dakika 40 kurudi tulikotoka.

Programu ile ilifanya hesabu yake vizuri kabisa, ila ilidhani naendesha gari dogo. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba haina mahali popote pa kuambiwa vinginevyo.

Tangu siku hiyo nimezitumia programu kadhaa kwenye safari za familia, kutoka Ohio hadi Maryland na Massachusetts, na nyingine kuelekea magharibi. Ndugu na marafiki wanaotaka kukodi RV kwa likizo huniuliza swali lilelile: nitumie ipi? Jibu langu huanza na kugawa programu hizi mafungu mawili. Kuna zinazoijua barabara ya leo: foleni, ajali, njia iliyofungwa saa moja iliyopita. Na kuna zinazolijua gari lako: kimo, urefu, uzito, na mitungi ya gesi uliyobeba. Sijapata hata moja iliyo bora kwa yote mawili, kwa hiyo kuchagua ni kuamua ni kutojua kupi kutakuumiza zaidi kwenye safari yako.

Mambo matano ya kuuliza

La kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi: je, programu inakubali vipimo vya gari lako? RV ndogo za kukodi, zile zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, huwa na kimo cha futi 10 hadi 12. Zile kubwa zilizojengwa kama basi, pamoja na trela kubwa zinazovutwa na pikapu, zinaweza kufika futi 13 na inchi 6, yaani kama mita 4.1. Barabara kuu za kitaifa zilijengwa zikiwa na nafasi ya kutosha kwa kimo hicho. Hatari iko pale unapotoka kwenye barabara kuu.

Mfano unaojulikana sana ni daraja la reli lililo juu ya Mtaa wa Gregson mjini Durham, North Carolina. Kwa miaka mingi kimo chake kilikuwa futi 11 na inchi 8, na malori ya kukodi na RV zikawa zinachunwa paa pale. Oktoba 2019 likainuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado magari yanaligonga. Boston kuna Storrow Drive, barabara ya magari madogo tu, ambako kila mwanzo wa Septemba, wanafunzi wanapohamia, kuna lori linalonasa chini ya daraja. Barabara nyingi za kuzunguka jiji la New York zinazoitwa parkway ni za aina hiyohiyo.

Kimo si kizuizi pekee. Ukipita Baltimore kwa barabara kuu ya I-95 au I-895 unaingia kwenye handaki chini ya maji, na kanuni za Maryland haziruhusu mtungi wa propeni (gesi ya kupikia) unaozidi pauni 10 humo ndani. Mitungi ya RV kwa kawaida ni ya pauni 20 au 30. Zamani mwenye gesi alizunguka kwa I-695 juu ya daraja la Francis Scott Key, lakini daraja hilo lilianguka Machi 26, 2024 lilipogongwa na meli Dali. Sasa njia ni upande wa magharibi wa I-695. Programu isiyojua kwamba umebeba gesi itakupeleka handakini bila neno.

Mbugani nako kuna masharti yake. Katika hifadhi ya Glacier, Montana, sehemu ya katikati ya barabara ya Going-to-the-Sun, kati ya Avalanche na Rising Sun, hairuhusu gari linalozidi urefu wa futi 21 au upana wa futi 8. Zion, Utah, kuna handaki lililokamilika mwaka 1930, na hifadhi ilitangaza kwamba kuanzia Juni 2026 gari linalozidi kimo cha futi 11 na inchi 4, au upana wa futi 7 na inchi 10, halitapita tena barabara ya Zion–Mount Carmel. RV nyingi zina upana wa futi 8 au zaidi, kwa hiyo hata iliyo fupi inakwama kwa upana.

Maswali manne yaliyobaki ni mafupi. Inafanya kazi mtandao ukikatika? Kwenye milima ya magharibi unaweza kuendesha saa 2 bila netiweki. Inajua foleni ya sasa hivi? Inasaidia kupata kambi, kituo cha mafuta chenye nafasi ya kugeuzia, na mahali pa kumwaga maji machafu? Na inagharimu nini?

Google Maps

Kuhusu gari lako, haijui kitu. Unaweza kuiambia iepuke barabara za kulipia, barabara kuu au vivuko, lakini hakuna mahali pa kuandika kimo wala gesi.

Bila mtandao inafanya kazi ukipakua eneo lako mapema ukiwa kwenye Wi-Fi. Ramani hizo huisha muda usipoziboresha, na ukiwa nje ya mtandao hutaona foleni. Kwa foleni, ukiwa na mtandao, ni vigumu kuishinda, kwa sababu simu nyingi mno barabarani zinaitumia.

Upande wa vituo ndipo watu wengi wa RV wanapoidharau bila haki. Haikuonyeshi kambi zenye umeme wa ampea 50, lakini ina picha za setilaiti na picha za mtaani. Kabla sijaingia kituo chochote cha mafuta nisichokijua, shemeji huangalia picha ya juu: pampu zimepangwaje, paa lina kimo gani kwa kukadiria, kuna mlango wa kutokea upande wa pili? Jambo hili limetuokoa mara nyingi kuliko programu yoyote ya kulipia.

Ni bure. Na tangu 2018 unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Mama mkwe wangu, aliyekaa kiti cha mbele siku nzima kutoka Ohio hadi Maryland, alikuwa akitusomea kwenye simu yake tulipofika na saa zilizobaki. Msafiri anayesoma ramani kwa lugha yake ni msaada wa kweli kwa dereva.

Inamfaa mwenye RV fupi, van iliyogeuzwa nyumba kwa mfano, na mtu yeyote anayebaki kwenye barabara kuu mchana kutwa.

Waze

Nayo ni ya Google tangu 2013, na kwa vipimo vya gari ni hivyohivyo: hakuna. Tofauti yake ni mbili. Taarifa za madereva wenzako ni za haraka sana, kuanzia gari lililokwama hadi shimo na askari wa usalama barabarani. Lakini inapenda kukutoa barabara kuu kwa ajili ya dakika chache, na mitaa inayokupitisha ni ile yenye miti iliyoinama na kona za kulia zinazohitaji kupanda ukingo. Tena inahitaji mtandao kutafuta njia. Ni bure.

Ningeiacha iwe mikononi mwa abiria, iseme kilicho mbele tu, bila kuongoza gari. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

RV LIFE

Hii imetengenezwa kwa ajili ya RV na inaonekana hivyo tangu unapoifungua. Inakuuliza kimo, urefu, uzito, na kama umebeba propeni, kisha inapanga njia kwa kuzingatia majibu hayo. Ukijaza vizuri, swali la Baltimore linapata jibu kabla hujawasha gari.

Ramani zinaweza kupakuliwa kwa ajili ya maeneo yasiyo na mtandao. Foleni si nguvu yake, na sijawahi kuitegemea kwa hilo nikikaribia jiji kubwa saa 11 jioni.

Nguvu yake kuu iko kwenye kupanga. Usajili wake unakuja na tovuti ya kupangia safari kwenye kompyuta, ambapo unaamua kwamba hutaendesha zaidi ya saa 5 kwa siku, halafu unatafuta kambi iliyo ndani ya umbali huo, ukisoma maoni ya waliolala pale. Njia uliyoipanga mezani inahamia kwenye simu. Kwa familia yenye watoto hilo ni jambo kubwa, kwa sababu safari ya RV huharibika zaidi kwa kufika kambini gizani kuliko kwa kupotea.

Ni ya kulipia kwa mwaka, na kuna muda mfupi wa kujaribu bure. Imelenga Marekani na Kanada.

Inamfaa mwenye RV yake mwenyewe anayetoka mara kadhaa kwa mwaka, au familia inayopanga safari ya wiki 2 au 3 yenye vituo vingi. Aliyekodi kwa siku 3 kwenda ziwani na kurudi, ada ya mwaka mzima ni nzito kwake, ila muda wa majaribio unaweza kumtosha.

CoPilot GPS

Wanaoendesha malori watalitambua jina. Ilitengenezwa na ALK, kampuni ya New Jersey iliyobobea kwenye kupima njia za malori, na sasa iko chini ya Trimble. Ina mpangilio wa RV ambapo unaingiza vipimo vya gari.

Hii ndiyo ninayoiamini zaidi mtandao unapokatika. Imejengwa tangu mwanzo kwa ramani zinazokaa ndani ya simu, kwa hiyo ukikosea njia kwenye bonde lisilo na netiweki, inapanga njia mpya palepale bila kusubiri. Kwa anayevuka Wyoming, Nevada au Montana, tofauti hiyo unaihisi. Andaa nafasi kwenye simu, maana ramani ni nzito. Foleni inahitaji mtandao, na haina macho mengi kama Google Maps.

Kwa kambi, orodha yake ipo lakini haina maelezo ya kina ya watu waliolala pale. Sura yake ni ya kikazi. Baadhi ya watu inawachosha, mimi inanituliza: maandishi makubwa na mambo machache kwenye kioo. Inalipiwa kwa usajili, na mpangilio wa RV una ada yake tofauti na ule wa gari dogo, kwa hiyo soma vizuri kabla hujabonyeza.

Inamfaa anayeendesha masafa marefu mbali na miji, na dereva aliyezoea lori ambaye sasa anaipeleka familia likizo.

Sygic Truck & Caravan

Imetoka Bratislava, Slovakia. Inapokea kimo, upana, urefu na uzito, pamoja na mzigo wa hatari, na inatofautisha lori na karavani, yaani trela ya kulala inayovutwa na gari. Ramani zinakaa kwenye simu. Foleni na sehemu nyingine nzuri zinahitaji kulipia.

Marekani inafanya kazi, lakini nyumbani kwake ni Ulaya. Ndugu zetu walioko Ujerumani, Ubelgiji au Uingereza wanaokodi karavani kushuka hadi Italia watafaidi zaidi: programu moja inavuka mipaka yote nao, na inasoma mita na tani kama vibao vya kule. Kwa kambi za Marekani, iko nyuma ya RV LIFE.

Na zile za malori?

Jamaa wengi tunaozungumza Kiswahili hapa Marekani tunaendesha malori, na programu ya kazini tayari imo kwenye simu, Trucker Path kwa mfano. Inavutia kuitumia hiyohiyo kwenye RV. Kwa madaraja na vituo vya mafuta vyenye nafasi, inasaidia kweli. Lakini kumbuka mambo mawili. Barabara nyingi zilizopigwa marufuku kwa malori ya biashara zinaruhusu RV, kwa hiyo itakuzungusha maili nyingi bila sababu. Na hesabu za gesi za lori si hesabu za mitungi ya kupikia ya RV. Usiache ikuamulie kuhusu mahandaki.

Tepu kwanza, simu baadaye

Programu nzuri iliyolishwa kipimo kibaya ni hatari kuliko isiyo na kipimo, kwa sababu unaiamini. Kampuni iliyotukodisha ile RV ilikuwa imeandika kwenye karatasi kimo cha futi 10 na inchi 10. Tulipopima wenyewe, kwa ngazi na tepu, kiyoyozi cha juu ya paa kiliongeza inchi 5. Pima hadi kitu cha juu kabisa: kiyoyozi, antena, kifuniko cha feni. Kisha ongeza inchi kadhaa kabla ya kuandika kwenye simu, maana lami huongezwa juu ya lami na kibao hakibadilishwi.

Pima pia upana pamoja na vioo vya pembeni. Andika vyote kwenye karatasi, kwa futi na kwa mita, ubandike kwenye dashibodi. Ukivuka kwenda Kanada vibao vinakuwa vya mita, na hakuna anayetaka kugawanya kwa 3.28 akiwa mita 50 kutoka kwenye daraja. Kibao kikipingana na simu, fuata kibao.

Na awepo utingo. Namaanisha mtu mzima mmoja aliye macho kiti cha mbele, kazi yake kusoma vibao na kushuka inapobidi. Sisi tuna namna yetu: simu ya RV iko kwenye kishikio mbele ya dereva ikiongoza, na simu ya pili yenye Google Maps iko kwa utingo. Ya pili ikisema kuna foleni ya dakika 30 mbele, tunajadiliana. Tukiona ipo njia nyingine, tunaiuliza kwanza ile inayolijua gari kama inapitika. Isipokubali tunakaa kwenye foleni, tunakunywa chai.

Kwa hali yako

Umekodi RV fupi kwa wikiendi, kambi iko karibu na barabara kuu: Google Maps inatosha, pamoja na karatasi ya vipimo na dakika 10 za kutazama picha za setilaiti za maili ya mwisho kabla ya kambi.

Unapita pwani ya mashariki, Boston, New York, Baltimore, ukiwa na gesi: usitoke bila programu inayopokea kimo na propeni. RV LIFE inauliza yote mawili. Ongeza Google Maps kwa abiria kwa sababu foleni za huko si za mchezo.

Unakwenda hifadhi za magharibi kwa wiki 2 au zaidi na watoto: RV LIFE kwa kupanga mezani na kuchagua kambi. Kama sehemu kubwa ya njia haina mtandao, ongeza CoPilot au hakikisha ramani zote zimepakuliwa. Kwa barabara za ndani ya hifadhi soma tangazo la hifadhi yenyewe, maana masharti kama ya Zion hubadilika na ramani huchelewa.

Uko Ulaya, au unataka programu moja kwa pande zote mbili za Atlantiki: Sygic.

Unaendesha lori kila siku na RV mara moja kwa mwaka: baki na CoPilot ikiwa tayari unaijua, lakini ibadilishe kutoka lori kwenda RV na uandike vipimo upya. Vya lori lako vilibaki humo tangu Ijumaa.

Na kama bajeti haina nafasi ya kulipia programu yoyote, safari bado inawezekana. Panga njia nyumbani kwa barabara kuu pekee, piga simu kambini uulize, "Watu wenye RV ya futi 31 huingia kwenu kwa njia gani?" Watu wa kambi huulizwa swali hilo kila siku, na watakutajia hata kituo cha mafuta cha kuepuka.